Karani Aliyehesabu Saa za Jineri

Alizaliwa wapi, na ukoo gani ulimlea, hayo yalisemwa yote kaburini kwake Bweri, tena kwa kirefu, na sina haja ya kuyarudia. Wasemaji walikuwa watano. Wote watano walitumia neno moja: mwaminifu. Mmoja alilitumia mara tatu, na kila mara waombolezaji waliitikia kwa kuguna. Mimi nilikaa mkekani pamoja na wanawake wenzangu, mikono nimeifunga ndani ya khanga, nikanyamaza. Kwetu Butiama msibani hatujibizani. Lakini sasa matanga yamekwisha, majivu yamezolewa, na mimi nina zamu yangu ya kusema.

Nitamwita Karani, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na kila mtu, kuanzia Kabasa, upande wetu wa Bunda, alikopanga chumba, hadi Mukendo, Musoma mjini, ilikokuwa ofisi yake. Makarani walikuwa wengi: karani wa mahakama, karani wa kanisa, karani wa kupimia pamba. Ukisema Karani tu, bila kuongeza neno, watu walijua ni yule mwembamba mwenye kaptula iliyonyooshwa kwa pasi na baiskeli iliyotiwa mafuta hata haikulia.

Kazi yake ilikuwa hii. Kila baada ya miezi mitatu alizungukia viwanda vya upande wa Bunda: kinu cha mafuta ya mbegu, karakana ya sabuni, na kile kiwanda cha kuchambulia pamba ambacho sisi tulikiita jineri. Kila mahali aliuliza maswali matatu, hakuongeza la nne. Wafanyakazi ni wangapi? Wamelipwa jumla ya fedha ngapi? Wamefanya kazi jumla ya saa ngapi? Kisha akagawanya. Jibu lilikuwa ujira wa saa moja. Jibu hilo lilipanda basi kwenda Musoma, Musoma likapelekwa Dar es Salaam, na huko likachanganywa na majibu ya mikoa mingine mpaka ikapatikana namba moja tu: saa moja ya mtu wa kiwandani katika nchi hii inalipwa kiasi gani.

"Mama Wegesa," aliniambia siku moja, "mgonjwa huwekewa kipimajoto kwapani. Taifa nalo lina kwapa. Mimi ndiye niliyepewa kukishika kile kipimajoto."

Niliyapenda maneno yale, nakiri. Nilikuwa mwanamke wa watoto wanne, sijui a wala be, na hapa alikuwa mtu anayeliwekea taifa zima kipimajoto kwa kalamu. Sikuwa nimejua bado kwamba kipimajoto kinaweza kuwekwa kwenye kwapa la mtu aliyelala kivulini, na mgonjwa akaachwa aungue.

Wale wasemaji watano hawakusema uongo. Uaminifu wake niliuona kwa macho yangu. Hakunywa chai ya kiwanda chochote. Alibeba chupa yake ya maji na viazi vitamu vilivyochemshwa, akavila amekaa juu ya jiwe nje ya lango, ili mtu asije akasema kwamba namba zake zilitiwa sukari. Mke wa Meneja wa jineri alimpelekea kibuyu cha maziwa mgando, akakirudisha kikiwa kimejaa. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, mwezi Septemba, alifika ofisini kwake Mukendo, akafungua mkoba, akagundua kwamba amekosea senti tano katika jumla ya kinu cha mafuta. Senti tano! Alipanda basi la kurudi Bunda siku hiyo hiyo kwa nauli yake mwenyewe, akafuta, akaandika upya, akatia sahihi pembeni, akalala njaa. Hadithi hiyo ilisimuliwa kaburini watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Na mimi nilitikisa kichwa, ila si kwa sababu yao.

Mume wangu alifanya kazi jineri, kwenye mtambo wa kushindilia pamba iwe marobota. Alikuwa mtu wa mzaha. Karani alipoingia uani na mkoba wake, mzaha ulianza kabla hajashuka kwenye baiskeli.

"Karani, leo umekuja kupima vifua au mifuko?"

"Mifuko, ndugu."

"Basi utawahi basi la saa sita! Yetu haichelewagi kuhesabika."

Wenzake walicheka, vumbi la pamba limewajaa kwenye nyusi kama wazee. Mume wangu hakuishia hapo.

"Ukifika huko Dar uwaambie mfuko wangu una tundu. Hiyo karatasi yako ina mahali pa kuandika matundu?"

"Haina."

"Basi itoboe hiyo karatasi, watajionea wenyewe!"

Nilisimuliwa kwamba siku hiyo Karani, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akafungua mkoba akaendelea na swali la pili.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulielewa asipoelezwa. Kila mfanyakazi wa jineri alikuwa na kipande cha bati cha mviringo chenye namba. Namba ya mume wangu ilikuwa themanini na tatu. Asubuhi saa moja na nusu alikitoa kipande chake kwenye msumari wa ubao uliokuwa langoni, akakivaa shingoni kwa uzi. Maana yake yuko kazini. Saa tisa na nusu mlinzi aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa langoni, na kila mtu alikirudisha kipande chake msumarini. Maana yake amekwenda nyumbani. Jumla ni saa nane za kazi, kama sheria ilivyotaka.

Lakini katika msimu wa pamba hawakwenda nyumbani. Reli iligongwa, wakapanga foleni, wakatundika vipande, kisha wakageuka wakarudi ndani kwa mlango ule ule waliotokea, na mitambo haikuzimwa hata dakika moja. Walifanya kazi hadi saa moja na nusu jioni. Saa zile nne Meneja aliziita za kujitolea. Taifa ni changa, alisema, pamba ndiyo fedha ya kigeni, na asiyependa kujitolea basi kesho asikitafute kipande chake, hatakikuta. Nikimuuliza mume wangu kwa nini hawakatai, alinijibu, "Mama Wegesa, bati langu linalalaga mapema kuliko mimi. Nalionea wivu." Alicheka. Mimi sikucheka.

Na Karani aliyaona haya. Sisemi alisikia, aliyaona. Fomu yake ilitiwa sahihi na Meneja jioni, kwa hiyo saa tisa na nusu alikuwa amesimama pale pale langoni, miguu imeungana, mkoba kifuani. Watu walitundika vipande mbele yake wakampita wakirudi ndani. Aliangalia saa yake ya mkononi, akauangalia ubao umejaa mabati, akaandika: nane. Mtu aliyesafiri kilomita zote zile kwa ajili ya senti tano aliyaacha masaa manne ya kila mtu, ya kila siku, ya msimu mzima, yapite mbele ya pua yake.

Yasidhaniwe kuwa maneno ya mjane mwenye kinyongo. Nilimwuliza, tena mbele ya watu.

Ilikuwa mwaka ule wa operesheni ya kuhamia vijijini, na kisomo cha watu wazima kilikuwa kimepamba moto. Karani alijitolea kutufundisha hesabu katika ghala la pamba pale Kabasa, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi. Alikuwa mwalimu mzuri kupita walimu wote niliowapata baadaye. Hakumdhihaki mtu. Bibi mmoja aliyeshika chaki kama anayeshika mwiko alimwambia, "Mwanangu, vidole vyangu vimekwisha kukauka," naye akamjibu, "Namba hazijali, bibi. Hata jembe hushikwa na vidole hivyo hivyo." Kila ninapoandika tarakimu ya saba naikata katikati kwa kistari, kwa sababu yeye alifanya hivyo.

Alhamisi ya kwanza ya Juni alitufundisha kugawanya. Akaandika ubaoni: tuseme mtu hulipwa shilingi nane kwa siku, naye hufanya kazi saa nane. Ujira wa saa moja ni shilingi ngapi?

"Shilingi moja!" darasa likaitikia.

Niliinua mkono. "Mwalimu, na kama anafanya saa kumi na mbili?"

Nusu ya wanawake waliokuwamo walikuwa wake wa watu wa jineri.

"Mfano wetu ni wa saa nane, Mama Wegesa."

"Nakuuliza hesabu tu, mwalimu. Nane kwa kumi na mbili."

Nikasimama nikaenda ubaoni, nikaifanya mwenyewe, mara yangu ya kwanza kushika chaki bila kuitwa. Nikapata senti sitini na sita, na bado palikuwa na baki. Nikaendelea. Sita nyingine. Nikaendelea. Sita tena. Sikujua kwamba kuna hesabu isiyokwisha. Nilidhani nimekosea, nikazidi kuandika sita mpaka ubao ukaniishia. Bibi wa vidole vikavu akasema nyuma yangu, "Ee, huyu mume wako wanammega mpaka lini?" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka pia.

Karani alichukua kitambaa akafuta ubao wote. Darasa lilipokwisha alinisubiri mlangoni.

"Hesabu yako ni sahihi," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi iandike kwenye fomu."

"Fomu haina kisanduku cha saa hizo, Mama Wegesa. Ina kisanduku cha saa zilizolipwa. Kitu kisicho na kisanduku, karani hana pa kukiweka."

"Ongeza kimoja kwa rula."

Alinitazama kama niliyemwambia aongeze mwezi katika mwaka. Akapanda baiskeli yake isiyolia, akaenda.

Jumatano ya pili ya Agosti, mkanda wa mtambo wa marobota ulikatika ukamchukua mume wangu. Ilikuwa saa moja na robo jioni. Sitaeleza walivyomleta. Nitaeleza kitu kimoja tu: nilipofika langoni nikikimbia, kitu cha kwanza macho yangu yalichokiona ni ule ubao, na kipande namba themanini na tatu kikining'inia msumarini mwake, kimetulia. Kwa ubao ule mume wangu alikuwa nyumbani, anakula ugali.

Siku ya nne Meneja alinijia na barua iliyopigwa chapa. Akasema ni barua ya kufunga mambo ya marehemu, ili nipewe mshahara wake uliobaki. Nikaomba kalamu. Jina langu nilikuwa nimeshajua kuliandika, taratibu, herufi moja baada ya nyingine. Akasema, "Weka dole tu, mama. Kuandika kutatuchelewesha." Nikaweka dole gumba. Nilikuwa na msiba, na nilikuwa na haraka ya watu wengine.

Nilirudi darasani mwezi Oktoba. Kwa nini nilirudi kwa mtu yule? Kwa sababu barua ile ilikuwa ndani ya sanduku langu, na hapakuwa na mtu mwingine Kabasa nzima wa kunipa ufunguo wake. Nilijifunza kwa hasira, na hasira hufundisha haraka. Februari ya mwaka uliofuata, Jumapili baada ya misa, niliitoa nikaisoma mwenyewe, kidole juu ya kila neno. Mstari wa nne ulisema: marehemu aliingia kiwandani baada ya saa za kazi, bila ruhusa, kwa nia inayodhaniwa kuwa ya wizi wa pamba. Chini yake palikuwa na dole langu. Ndipo nikajua lile neno walilotupiwa wanangu kisimani lilitokea wapi.

Mwizi. Mtu aliyekuwa akiikung'uta suruali yake langoni asije akarudi nyumbani na pamba ya watu kwenye pindo!

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa Mukendo, mbele ya meza ya Karani. Niliiweka barua juu ya fomu zake.

"Fidia waile," nilimwambia. "Ninachotaka ni neno hilo litoke. Wanangu wanaitwa watoto wa mwizi kisimani. Wewe ulikuwa unasimama langoni. Uliwaona wakitundika vipande na kurudi. Njoo kwa ofisa wa kazi, ni mlango wa tatu kutoka hapa, useme ulichokiona."

Aliisoma barua yote, mpaka nukta ya mwisho.

"Nikisema hivyo," alisema, "wataniuliza: mbona fomu zako zinasema nane? Miaka saba, Mama Wegesa. Kila robo ya mwaka. Namba zangu zimeshakwenda. Zimo ndani ya namba ya taifa. Nikiivuta moja, zote zitaanguka."

"Na zianguke!"

"Mimi sikuandika uongo. Niliandika kilichoulizwa."

"Karani, ulirudi Bunda kwa senti tano."

Akachukua rula yake. Nikachukua barua yangu. Mlango wa tatu nilikwenda peke yangu, na ofisa wa kazi akaniuliza nina shahidi gani asiyekuwa mfanyakazi wa jineri. Wafanyakazi wenzake walikuwa radhi kusema, lakini ofisa alisema hao wana masilahi. Alitaka mtu wa serikali. Alikuwapo mmoja tu nchini, naye alikuwa milango miwili nyuma yangu, akipiga mistari kwa rula.

Baada ya siku ile sikusema naye kwa miaka kumi na miezi tisa. Nilimwona mara nyingi. Akiona nakuja alishuka kwenye baiskeli akasimama pembeni mpaka nipite, kama anayepisha jeneza. Watu walidhani ni heshima. Wakati huo huo nilimaliza hatua zote za kisomo, nikachaguliwa katibu wa kikundi cha akina mama, nikalea wanne, na hakuna hata mmoja kati yao aliyesahau lile neno la kisimani.

Nafika mwisho. Mwaka ule ambao Rais wetu wa kwanza alirudi Butiama kupumzika (na neno kung'atuka, yaani kuachia madaraka kwa hiari, ni letu, Wazanaki, tuliwapa wengine), binti wa Karani alinijia Bunda. Alisema baba yake amestaafu, anakaa Bweri, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na anaomba nije kumsomea kitu.

"Wewe mwenyewe si unajua kusoma?" nilimuuliza.

"Ninajua, mama. Amekataa nisimsomee mimi."

Nilikwenda Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Nilimkuta amekaa mezani, kaptula imenyooshwa vile vile, rula na chupa ya wino na pedi ya mhuri vimepangwa mbele yake ingawa hakuviona. Alinisukumia daftari yenye jalada jeusi.

"Soma, Mama Wegesa. Popote."

Niliifungua. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili zilizopigwa kwa mkono wake. Ya kwanza aliipa kichwa: saa za fomu. Ya pili: saa za kweli. Nane, kumi na mbili. Nane, kumi na mbili. Robo baada ya robo, jineri, kinu, karakana, miaka yote. Na upande wa kulia kabisa, kwa herufi ndogo, ujira wa saa moja wa kweli, na zile sita zangu zisizokwisha.

Nikatafuta Agosti. Nilikuta mstari mmoja uliopigiwa mstari chini, nikausoma kwa sauti: "Namba themanini na tatu, alikuwa kazini, kwa amri, saa moja na robo jioni mkanda umemwua si mwizi."

"Kuna nukta baada ya neno umemwua," alisema. "Soma na nukta."

Nikasoma na nukta. Mkanda umemwua. Si mwizi.

Msomaji labda anangoja nilie. Sikulia. Nilipatwa na hasira ambayo sikuwahi kuipata hata mbele ya Meneja, kwa sababu Meneja alikuwa mwongo na mwongo unamjua. Huyu alikuwa na ukweli wangu ndani ya mtoto wa meza, umepigiwa mistari kwa rula, wakati wanangu wanatukanwa kisimani.

"Utatia mkono wako chini ya mstari huu," nilimwambia. "Leo."

"Nipe kalamu. Sahihi yangu bado naiweza, ukinielekeza mahali."

"Weka dole tu, Karani. Kuandika kutatuchelewesha."

Nilifungua pedi, nikamshika mkono, nikaligandamiza dole gumba lake kwenye wino, kisha chini ya ule mstari. Lilikuwa dole jepesi, kama la mtoto. Hakulivuta. Alikaa ameliinua hewani, halijui lifutwe wapi.

Daftari hiyo ninayo. Nimeipeleka Musoma mara mbili, na safari ya tatu iko karibu; ofisa wa sasa ameahidi kulitafuta jalada la barua ile. Wasemaji watano hawaijui.

Jumamosi ile, nilipofika mlangoni nikitoka, Karani aliniita. Alisema neno ambalo nadhani ndilo lililomfanya amtume binti yake kwangu.

"Mama Wegesa. Umenisamehe?"

"Karani," nikamjibu, "mimi sina kisanduku cha hilo."

Aliinamisha kichwa, kama alivyokuwa akifanya juu ya fomu.

"Basi paache wazi," akasema.

Nimepaacha wazi.